Buli Linalobisha Hodi

Nilijifunga leso machoni, nikalikaza fundo kisogoni, kisha nikapapasa meza kutafuta kiberiti. Ilikuwa Jumatano jioni, katika chumba changu cha kupanga pale Ukunda, na mimi ni mwalimu wa darasa la nne, mtu mzima mwenye akili zake, tena nikiwa na madaftari arubaini yanayongoja kusahihishwa. Nilitaka kujua kama mtu asiyeona anaweza kupika kahawa bila kuungua. Mtu mwenyewe alikuwa baba yangu.

Majuma mawili kabla ya hapo, kikoi cha baba kilishika moto. Alikuwa uani kwake Msambweni, amelitia dele la shaba juu ya jiko la makaa, kama afanyavyo kila siku baada ya sala ya alasiri, ili wazee wenzake wakija barazani wakute kahawa tayari. Presha ya macho ilikuwa imeshamla nuru. Daktari alitwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki ni cha kutofautisha mchana na usiku tu. Jirani alisikia kelele, akaja mbio na karai la maji ya vyombo, akammwagia. Baba alinusurika na lengelenge moja la paja. Jirani hakunipigia simu mimi niliye karibu, alimpigia kaka yangu Mombasa, na jambo hilo liliniudhi, linaniudhi hata leo.

Kaka alifika asubuhi iliyofuata. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na husema mara moja tu.

"Baba, shikamoo. Nimekuja kukuchukua. Chumba kipo."

"Marahaba. Hicho chumba si kile cha ghorofa ya nne?" baba akamuuliza. "Kule juu nitazungumza na nani, na kunguru?"

"Utazungumza na wajukuu zako."

"Wajukuu zangu huzungumza na simu."

Nilicheka, kaka hakucheka. Nikaingilia. Nikamwomba kaka mwezi mmoja: nitafute chombo cha kupikia kahawa ambacho baba ataweza kukitumia bila kuona. Kuvunjika kwa koleo, nikamwambia, si mwisho wa uhunzi. Kaka aliniangalia vile anavyoniangalia tangu tukiwa watoto, kana kwamba nimemletea kesi ya paka.

"Mwezi mmoja," akasema. "Halafu nitakuja, nitasimama hapa, nitamtazama akipika. Akiungua, au akimwaga maji ya moto hata tone, naondoka naye siku hiyo hiyo."

Akalichukua dele, akalitia kwenye buti la gari. Baba alisikia buti likifungwa.

Niseme wazi kwamba nilitaka baba abaki, na si kwa ajili yake peke yake. Mama alipofariki, baba aliniomba jambo moja, kwamba asihamishwe nyumba ile. Hilo ni kweli. Lakini kweli pia ni kwamba kila Ijumaa nilipotoka shule nilikuwa na mahali pa kwenda, na mlango ambao nikipiga hodi kuna mtu wa kunijibu. Sina mume, sina mtoto. Baba akienda Mombasa, ile itakuwa nyumba yenye kufuli.

Nilianza na birika la umeme. Nililinunua dukani pale Kona ya Musa, jeupe, linalojizima lenyewe maji yakichemka. Nikamwonyesha baba swichi, nikamshika kidole akaibonyeza, akaibonyeza tena, akasema ameelewa. Ijumaa iliyofuata nilipokaribia nyumbani nilisikia harufu ya plastiki inayoungua tangu njiani. Nilikimbia na viatu mkononi. Baba alikuwa uani amekaa kigodani, anakohoa, machozi yanamtoka. Birika lilikuwa juu ya jiko la makaa. Kitako kilikuwa kimeyeyuka, kimemiminikia kwenye makaa, moshi mweusi unafuka.

"Mwanangu," akasema, "dele gani hili uliloninunulia, lenye makalio ya plastiki?"

Nikacheka kwa nguvu ili anisikie nikicheka. Kisha nikabandua ile plastiki kwa kisu, nikaifunga gazetini pamoja na birika lenyewe, nikalibeba mpaka Ukunda kulitupa ili jirani asilione. Nilijiambia ni macho. Mazoea yana tabu, mtu aliyetia dele motoni miaka hamsini mkono wake utakwenda motoni tu. Jioni ile kaka akapiga simu.

"Vipi birika?"

"Anaendelea nalo vizuri," nikamjibu.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kujifunga leso. Nisingempa baba kitu kingine ambacho sijakijaribu mwenyewe gizani. Rafiki yangu anayefanya usafi kwenye nyumba za kupangisha wageni kule Diani alinipa chombo kilichoachwa na mgeni mmoja: gilasi ndefu yenye kichujio cha chuma juu, unatia kahawa na maji ya moto, unakisukuma kichujio mpaka chini. Kizuri kukitazama. Lakini kahawa yetu huku hutwangwa laini, na mimi nilitia ileile ya baba. Kichujio kikagoma. Nikakisukuma kwa kiganja, kikagoma. Nikasukuma kwa uzito wa mwili, maji yakaruka juu kwa kishindo yakanipata kifundo cha mkono. Nilipiga ukelele. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili, msichana wa bara anayefanya kazi hotelini.

"Wee! Tichaa, uko sawa kweli?" akasema. "Umejifunga macho na maji inachemka? Hii ni nini, ni chalenji ya TikTok?"

Nilimwambia ni masomo ya darasa la nne. Alinisaidia kutia mkono kwenye maji baridi, ananiangalia kwa jicho la upande. Kwa siku kadhaa nilivaa mikono mirefu shuleni, na baba nilimpa mkono wa pili aubusu.

Buli nililipata duka moja la Diani linalouza vitu vya nyumba za wageni. Ni la chuma, dogo, lina matumbo mawili yanayokazwa kama mtungi na kifuniko chake. Tumbo la chini hutiwa maji. Katikati kuna kikombe chenye matundu, ndimo huingia kahawa. Moto ukishika, mvuke huyasukuma maji yapite kwenye kahawa yapande tumbo la juu. Kahawa ikitwangwa laini sana huziba, ikiwa ya chengachenga hupita. Nililipikia mara saba nimejifunga macho. Mara ya saba sikumwaga kitu. Na lina jambo moja ambalo vyombo vingine havina, kwamba likiwa tayari huguguma kwa sauti ambayo hata mtu aliye chumba cha pili ataisikia.

Baba alilipenda siku ileile. Alilipapasa kote, akalifungua, akalifunga, akatia kidole ndani kupima kina. Mikono yake ilifanya kazi miaka thelathini kwenye udobi wa hoteli, ikikunja mashuka ya wageni. Ni mikono inayofahamu vitu. Lilipoguguma kwa mara ya kwanza akainua kichwa.

"Hili lina adabu, mama," akaniambia. "Linabisha hodi."

Basi kila Ijumaa na Jumamosi tukawa na masomo. Nilimletea mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake. Jiko la makaa nilimpa mtu. Kushoto kopo la kahawa, kulia kibakuli cha tangawizi iliyopondwa. Nilimfundisha nilivyofundisha watoto jedwali la kuzidisha, naye alisoma kwa sauti: maji mpaka kidole kiguse kitundu cha mvuke, kahawa, tangawizi, kaza, washa, ngoja hodi. Kumimina, kidole cha shahada ukingoni mwa kikombe. Hakumwaga. Nilianza kulala vizuri.

Ila kulikuwa na alasiri moja. Alinipikia kahawa, tukanywa vikombe viwili viwili na kashata, akaosha vyombo, akavipanga. Akakaa. Halafu akageuza uso upande wangu akasema, "Mama, umetoka safari yote hiyo na sijakupa hata kahawa?" Akainuka kupika tena. Nikamwacha apike. Nikanywa. Njiani kurudi Ukunda nilijiambia huo ni ukarimu wa kizamani, watu wa zamani hawahesabu vikombe. Kaka alipopiga simu nilimwambia baba sasa ni fundi.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi. Kaka alifika baada ya alasiri, akaamkia, akasimama kwenye mlango wa jikoni na ufunguo wa gari mkononi. Mimi nilisimama karibu naye. Nimesimamia mitihani mingi maishani, na sijawahi kuogopa hivyo kwa ajili ya mtahiniwa.

Baba alikuwa amevaa kanzu nyeupe, mikono ameikunja mpaka kiwiko. Alitugeuzia mgongo. Akajaza maji, kidole ndani, akatikisa kichwa kuridhika. Vidole vyake vikatembea juu ya meza. Akakaza buli mpaka mshipa ukamtoka. Kisha ikaja njiti ya kiberiti, na kuanzia hapo sikuangalia kitu kingine ila moto. Nilimwona kaka naye anaangalia moto. Njiti ilikaribia, gesi ikashika kwa mlio mdogo, baba akaondoa mkono taratibu, hakuna kilichoungua. Tukangoja. Kaka alikuwa akiugeuzageuza ufunguo, nami nilitaka kumpokonya niutupe kisimani.

Buli likaguguma. Baba akazima gesi, akashika kishikio kwa kitambaa, akapanga vikombe vitatu. Kidole ukingoni. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Meza ilibaki kavu. Niliona mabega ya kaka yakishuka, na moyo wangu ukapiga vigelegele.

"Karibuni," baba akasema.

Kaka akachukua kikombe chake. Akakitazama, kisha akanitazama mimi. Nikachukua changu. Niliona mpaka kitako cha kikombe, na lile ua la bluu lililochorwa ndani. Yalikuwa maji ya moto yenye umanjano wa tangawizi. Kahawa haikutiwa hata chembe. Kopo lilikuwa palepale kushoto, kifuniko hakijaguswa.

Asiyeona hawezi kujua rangi, nikajiambia. Ataonja, atajua, atatucheka na kujicheka, atapika tena. Alisahau, nani hasahau? Nikamtazama baba akiinua kikombe chake. Akanywa funda moja. Akanywa la pili, taratibu, kama kawaida yake. Akamaliza kikombe chote.

"Leo imetoka vyema," akasema. "Nyinyi mwasemaje?"

Kaka yangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata wa kumfariji mgonjwa, alikunywa kile kikombe mpaka mwisho.

"Kahawa safi, baba," akasema. "Mwenyezi Mungu akuweke."

"Na wewe, mama?"

"Nzuri, baba."

Kaka akatoka. Nilimkuta kando ya gari, amejifuta uso kwa mkono wa shati na hataki nimwone.

"Atabaki," akasema. "Hakuungua, hakumwaga. Neno langu ni neno langu. Umeshinda."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo mwezi mzima. Ningesema ahsante tu, gari lingeondoka. Nikafungua mdomo nikamwambia habari za birika. Nikamwambia jinsi nilivyolifunga gazetini. Nikamwambia kuhusu ile alasiri ya kahawa mara mbili. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wananisema mimi, na nilitarajia kaka atanisema pia, hakunisema. Aliniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza tangu nizaliwe.

"Wewe waonaje?"

Nilifikiri kuacha kazi nihamie Msambweni. Nililifikiri kweli, nimesimama pale na jua usoni, na niliona kwamba sitafanya. Niliona aibu, na bado naiona.

"Mchukue," nikasema.

Mimi ndiye niliyeingia ndani kutoa sanduku. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anasikiliza. Nilikunja kikoi, nikakunja fulana, nikakunja kanzu mbili. Akanyoosha mkono, akaipapasa kanzu ya juu, akaikunjua, akaikunja upya kwa namna yake, pembe kwa pembe, akanirudishia.

"Wanitolea nguo?"

"Ndiyo, baba. Utakwenda na kaka."

Nje kaka alikuwa anafungua mlango wa gari.

"Kwani nilimwaga?" akauliza.

"Hukumwaga, baba," nikamwambia. "Hata tone."