Siku Niliyomwita Minza Kijeba

Naona haya kulisimulia jambo hili, mimi ambaye kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa Bariadi wasimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, lakini heri mlisikie kwangu kuliko kwa waliokuwapo uwanjani.

Shule yetu ilikuwa ikicheza netiboli na shule ya Nkololo, na mfungaji wao, Minza, aliwapita kimo walimu wote waliokuwapo (mimi nami si mfupi), mikono yake ikikaribia magoti. Tulipofungwa bao la kumi na nne niliinuka kwenye kiti cha wageni waalikwa, nikasimamisha mchezo, nikashika kipaza sauti na kutangaza kwamba huyo ni kijeba, mtu mzima aliyepunguziwa umri ili acheze na watoto. (Hotuba ilikuwa ndefu, niliifurahia.)

Mama yake akaja polepole, akafungua mkoba, akanipa cheti cha ubatizo, kwa kuwa kila mechi huulizwa. Nikakisoma kwa sauti ili watu waushuhudie uongo: jina, tarehe ya kuzaliwa, iliyompa miaka kumi na mitano, na, kwa mazoea yangu ya kutoacha kitu nusu, jina la katibu wa usharika aliyetia sahihi, ambalo ni langu.

"Kumbe mwalimu ulimwandikisha kijeba angali ananyonya," akasema mama mmoja, na uwanja mzima ukacheka, isipokuwa Minza, aliyekuwa akilia.

Daktari aliyekuja kuhudumia majeruhi naye hakucheka. Alimwomba Minza akunje kidole gumba ndani ya ngumi, kikatokeza upande wa pili. Kisha akauliza habari za baba.

"Alikuwa hivihivi," mama akajibu. "Alianguka shambani akichuma pamba, hakuamka."

Daktari akatueleza kwamba vijana wengi warefu wamerithi tu kimo cha wazazi, wengine homoni ya kukua huwazidi, na wachache hurithi udhaifu wa nyuzi zinazoshikilia viungo, macho na mshipa mkuu wa moyo, ambao hutanuka kimyakimya hadi upasuke. Minza asicheze tena hadi apimwe.

Niliwasindikiza Mwanza mwenyewe. Mshipa ulikuwa umeanza kutanuka, ila kidogo. Sasa anameza dawa kila siku, anapimwa kila mwaka, na daktari wa moyo anamtarajia afike uzeeni.

Nilimwomba Minza radhi mbele ya wazazi wote wa Nkololo. Akaniangalia kutoka juu, akasema, "Nimekusamehe, mwalimu. Baba hakupata wa kumsimamisha."

Nimeapa: nikimwona tena mtoto aliyewazidi wenzake kimo, nitauliza kama amepimwa moyo, na nitauliza kwa sauti ya chini.