Siku Niliyojishtaki kwa Kifaransa

Mnanicheka kila nikikataa kusema hata bonjour, basi leo nawaambia, na kama ni aibu nilishaizoea.

Ilikuwa miaka ile uhuru bado mbichi, serikali inatafuta vijana wa kufundishwa ukalimani Nairobi, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza kwa Kifaransa kwenye sekondari yetu hapa Kakamega (sijisifu, wenzangu walikuwa wanasinzia). Mzee mmoja Mfaransa akaja kuchagua mtu mmoja tu, wazazi wakaalikwa, na mama yangu akatoka Iguhu kwa miguu na ingokho kwapani, kuku wa kumshukuru mgeni kabla hata sijachaguliwa.

Nikaulizwa, nikajibu yale niliyokariri, wakapiga makofi. Sasa mvua ya hapa si mnaijua, mchana inanyeshanga tu, na mgeni kutaka kuondoka akakosa mwavuli wake. Mimi mapema kidogo nilikuwa nimeuona barazani unalowa, nikataka kumletea, kengele ikalia nikaingia darasani. Ningenyamaza leo ningekuwa balozi. Lakini nikaamua kuongeza sentensi moja ya kwangu mwenyewe, kwamba nilitaka kumletea mwavuli.

Kwa Kifaransa, vitenzi vingi vikienda wakati uliopita huishia na é, hiyo ndiyo sheria, ila kuna vikaidi visivyosikia la mtu, na "kutaka" ni kimojawapo: husemwa voulu. Nilijua, haki ya Mungu nilijua! Ila woga ukanishika nikafuata sheria, nikasema, "J'ai voulé," nikakwama nikitafuta neno la kuleta, nikalikosa, nikamalizia tu, "votre parapluie." Na voulé masikioni ni kama volé, na volé, jamani, ni kuiba. Mbele ya wazazi wote nilikuwa nimesema nimeiba mwavuli wa mgeni.

"Volé?" mzee akauliza, macho yamemtoka.

"Oui, monsieur!" nikamjibu ndiyo kwa furaha (nilidhani amependa matamshi yangu).

"Pourquoi?" Yaani, kwa nini?

"Il a plu." Mvua ilinyesha. Hicho nacho ni kitenzi kikaidi, na hicho nilikipata sawasawa.

Mwalimu mkuu akataka kujua kijana amesema nini, na mwalimu wetu wa Kifaransa, kichwa kimeinama, akatafsiri: "Anasema ameiba mwavuli kwa sababu ya mvua." Mama akaruka. "Mayi! Mwana wanje, mtoto wangu mimi, mwizi? Na anajibu akichekelea!" Akanishika sikio mbele ya wasichana wote, akanivuta huku na huku, "Toa mwavuli wa watu!" Nikajitetea kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kiluhya, nani anasikiza? Mpaka mpishi wa shule alipokuja nao, kumbe alikuwa ameuanika jikoni.

Mgeni alicheka akanisamehe, lakini nafasi akampa msichana wa Mumias. Alisema kijana anayejifunga mwenyewe kwa neno moja, akipewa maneno ya marais wawili si atawapiganisha? Iliniuma sana, sitawaficha.

Njiani mama akasimama akaniangalia. "Sema ukweli. Uliuiba?"

"Sikuiba, mama. Nilitaka tu."

"Basi," akasema, "wezi wote huanza hivyo hivyo."

Tangu hapo niliapa: lugha ya wenyewe nitaisoma, nitaiandika, lakini kuisema mbele ya mzazi wangu, ng'o!