Nyama Niliyoiona Longido

Hii kitu nimeificha hata kwa mamangu, na nikiikumbuka uso bado unawaka, kwa hivyo wacha niiseme yote mara moja. Tulikuwa tunaenda Arusha, mimi, bwanangu Wekesa na mtoto wetu wa miaka miwili, na tulipovuka mpaka pale Namanga Wekesa akataka tule chipsi kwa hoteli ya kwanza, nikakataa, nikasema sijatoka Kitengela kuja nchi ya watu kula chipsi baridi, tutafute mahali wenyeji wenyewe wanakula. (Chipsi. Si ningekula tu chipsi.)

Tukipita Longido mtoto akaanza kulia njaa, na hapo nikaona moshi kwa miti, mbali kidogo na barabara, na harufu ya mbuzi wa kuchoma ikaingia kwa gari. Wekesa akasimamisha. "Enda uulize, mimi niko kwa simu," akasema. Yaani simu.

Nikabeba mtoto mgongoni, nikapita kwa miiba, nikapata morani watano, vijana wa Kimasai, na nyama imesimamishwa kwa vijiti kando ya moto, hakuna meza, hakuna kibao, nikajiambia hapa ndio penyewe. "Supa," nikawasalimu kwa lugha yao. Wakaangaliana. Nikaagiza nusu kilo na ugali. Mmoja akageuza uso. Nikaona hawa wananidharau, kwa hivyo nikafunua sufuria yao nione supu (hata kwetu silipii chakula sijakagua). Ilikuwa nyeusi, mizizi inaelea.

Mkubwa wao akaniuliza polepole, "Dada, umeolewa?"

"Nimeolewa, na bwanangu yuko hapo kwa gari, kwa hivyo tafuta mwingine wa kutongoza."

Akaweka kisu chini. Wote wakaweka.

"Sikutongozi, dada. Morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Na hii tulimchinjia yule."

Ndio nikamwona wa sita, amelala chini ya mti kwa shuka, mbavu unazihesabu ukiwa mbali.

"Supu ilikuwa dawa yake," akasema. "Mbuzi alikuwa huyo mmoja."

Miaka minne naishi Kitengela, kila asubuhi nanunua maziwa kwa mama wa Kimasai, na sijawahi kumuuliza kitu isipokuwa kama ameongeza maji. Nikaanza kuomba msamaha, mtoto analia mgongoni, na yule mgonjwa akainua kichwa akasema, "Mpeni mtoto. Ana njaa."

Wakafunga nyama yote kwa majani, wakaibeba mpaka kwa gari, bila kunitusi. Afadhali wangenitusi.

Mtoto alikula akalala. Mimi sikuigusa. Wekesa alitafuna mpaka mfupa, akajipangusa mdomo, akaniambia, "Ulikuwa sawa, mama. Wenyeji ndio wanajua kuchoma."

Siku hizi tukisafiri nabeba chapati zangu kutoka nyumbani, na nikiona moshi kwa miti naangalia upande ule mwingine. Yule kijana wa chini ya mti sijui kama aliinuka tena.