Maji Matamu ya Gari

Mjukuu wangu, anayeniita Dani, yaani nyanya, ni fundi wa magari hapa Rodi Kopany, na si fundi wa kubahatisha. Leo amelala chali ndani ya gari-nyumba la mgeni, anatafuta mahali bomba za maji moto ya kupasha chumba joto zinapovuja. Beseni linapokea matone ya kijani. Nimeingia na chai, nikakutana na ile harufu tamu. Nikaweka birika chini.

Baba yangu pia alikuwa fundi, kule Rangwe. Akifungua rejeta, yale maji ya kijani ya kupoza injini hayamwagwi. Yanakingwa kwenye karai, yarudishwe gari likipona. Siku moja aliniachia karai nililinde. Mimi nikaenda kuruka kamba. Niliporudi, mbwa wetu alikuwa akilamba, na mdogo wangu yuko kando yake, midomo inameta.

“Matamu kuliko sukari nguru,” akanicheka. “Na yako nimemaliza!”

Nikampangusa mdomo kwa gauni langu. Jioni mbwa akaanza kuyumba kama mlevi. Baba akanitazama.

“Nani mwingine ameonja?”

Niliogopa fimbo. “Ni mbwa tu, Baba.”

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, anajaribu kusimama, anaanguka, anacheka.

“Dani, hebu sikia hii harufu,” mjukuu wangu ananiita, kidole chake kilicholowa kiko karibu na mdomo. “Kama asali.”

Nimempiga ule mkono mpaka spana ikaanguka. Mgeni ameshtuka. Nimelichukua beseni hilo la sumu, nimelipakata, na sitoki hapa mpaka amalize.