Uzi Mwekundu Chini ya Zulia

Fundi umeme wa magari tunayemwita Kinyaa hajawahi kusifu kazi ya fundi mwenzake. Akifunua boneti yoyote husonya kwanza, kisha huuliza ni mchinjaji gani aliyepita humo. Nimefanya kazi naye miaka tisa, na masikio yangu yameota sugu.

Juzi mkunga wa mtaani kwetu alileta gari lake. Giaboksi, ile ya kujibadilisha yenyewe, ilikuwa imeng'ang'ania gia ya tatu tangu mwezi uliopita, na kwenye mlima gari lilikuwa likitambaa. Mafundi wawili walishamwambia giaboksi imekufa. Hana uwezo wa kununua nyingine, na gari hilo ndilo linalowafikisha wajawazito hospitali.

"Waliipima?" Kinyaa aliuliza.

"Waliisikiliza tu, fundi."

"Waliisikiliza. Kwani ni redio?"

Akachomoa soketi ya giaboksi, akaweka mita ya kupimia umeme. Koili zote za ndani, zile zinazobadili gia, zilikuwa nzima. Akaingia chini ya dashibodi, kwenye kompyuta ya gari, akapima waya zinazokwenda kwenye koili hizo. Mmoja haukusoma kitu. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye waya, njiani, giaboksi imesingiziwa.

Tukang'oa zulia. Lilinuka maziwa yaliyochacha, nikageuza uso. Chini yake tukaukuta ule waya umekatwa, ukasokotwa kwa mkono bila kulehemiwa, ukazungushiwa utepe. Maji yalishaingia, na shaba ilikuwa ya kijani, inateleza kama kamasi.

"Tazama uchafu huu," Kinyaa alisema. "Aliyefanya hivi hana haya. Hata baiskeli asiguse."

Aliendelea kumlaani huku akibandua utepe. Ndani ukatokea uzi mwekundu wa cherehani, umefungwa mafundo mawili. Akauachia utepe. Hapa mtaani ni fundi mmoja tu anayefunga hivyo, kwa uzi wa mkewe mshonaji. Mwaka jana alimfungia mkunga king'ora kinacholia gari likirudi nyuma, akakiunga kwenye waya za giaboksi.

Nyani haoni kundule. Ningecheka, ila siku ile mimi ndiye niliyemshikia tochi, nikimhimiza tumalize tukale. Nilijichukia.

Akalehemu, gari likapanda gia zote. Ndipo akamwambia mkunga, "Mama, huyo mchafu ni mimi."

Mkunga aligeukia kiti cha nyuma.

"Wiki mbili zilizopita nilikuwa na mzazi kiti cha nyuma," alisema. "Alijifungulia palepale mlimani. Mtoto hakulia."

Akapokea ufunguo kwa ncha za vidole, akaufuta kwa kitambaa, akaingia garini.