Jua Lililobakiza Miaka Mitano

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba jua nalo litakufa. Nilikuwa kidato cha tatu, huku kwetu Suji milimani, katika shule ambayo wazazi waliijenga wenyewe kwa kubeba mawe mgongoni. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni tuliipangia foleni, sukari tuliisikia kwa majirani, na kitabu cha fizikia kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu. Tulitegemea masikio.

Na masikio yangu Kiingereza kilikuwa kinayapita. Mwalimu alichora ubaoni duara dogo, kisha kubwa, akaiweka dunia ndani ya lile kubwa. Akaeleza kwamba nyota ikizeeka huvimba, na jua ni nyota. Likivimba litakausha bahari na kuiunguza dunia yote. Akataja muda uliobaki; nikadaka tano, nikadaka miaka. Katikati palikuwa na neno bilioni, ambalo sikuwahi kulikuta popote. Nikaliruka. Nilitaka kunyoosha mkono niulize, lakini wavulana wa nyuma walikuwa wakimcheka kila aliyekosea kutamka. Mkono ukabaki chini ya dawati.

Hofu ikaingia hapo. Mwaka ule vuli haikunyesha, mahindi yakajikunja shambani, na kila nilipotazama juu niliona jua limeongezeka. Jioni, lilipokuwa likishuka jekundu kule tambarare, nilikimbilia ndani na kumkumbatia mdogo wangu Eliwaza mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Alikuwa hajaanza shule. Nilipiga hesabu nikaona hatamaliza darasa la saba. Mama alikuwa akipanda miche ya kahawa, na kahawa huchukua miaka kuzaa; nilipomwona ameinama na jembe niligeuka nilie. Chakula kikanishinda.

Asubuhi ya mtihani wa muhula nilikataa kutoka nyumbani. Mama alidhani ni malaria, akanigusa shingo. Halafu akaniuliza taratibu kama kuna mtu amenifanyia jambo baya. Ndipo nikamwambia yote.

Hakucheka. Alikaa kwenye gunia, akaniuliza kama baba angeweza kupata habari. Baba alikuwa kibarua shamba la mkonge huko chini, na nikajua mama anawaza arudi ili tuwe pamoja siku jua litakapotuunguza. Kuona hata mama ameogopa kulinitisha kuliko maneno ya mwalimu. Kisha akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akasema twende kwa aliyesema.

Mama hakuwa amekanyaga shuleni tangu siku ya kubeba mawe. Tulimkuta mwalimu mlangoni mwa ofisi. Nikamwamkia shikamoo. Mama akamuuliza, "Mwalimu, mtoto ananiambia jua litatuunguza. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," alijibu.

Mama akashika ukuta. "Baada ya miaka mitano?"

Mwalimu alinitazama. Akachuchumaa, akaokota kijiti, akaandika tano kwenye vumbi, kisha akaanza kuongeza sifuri, moja baada ya nyingine, mpaka akafika mbali na miguu yetu. Akasema hiyo ndiyo bilioni. Tangu watu wa kwanza wa milima hii, alieleza, hatujatumia hata chembe ya muda huo.

Mama alipumua, akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi huyu bado ana mtihani," akasema.

Mwalimu akaniingiza darasani nikiwa nimechelewa. Kabla sijakaa alininong'oneza kwamba yeye naye, alipofundishwa hayo mara ya kwanza, alikosa usingizi, na hakumwambia mtu. Mtihani ule sikuufanya vizuri, lakini jioni nilikula.

Mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Usiondoke darasani na nusu ya neno. Uliza, hata wakikucheka, maana kicheko kinaisha pale pale, na hofu uliyoimeza inakufuata nyumbani na kukaa na wadogo zako. Ikikuzidi, mwambie anayekupenda, kisha mrudi wote wawili kwa aliyesema. Elimu inatisha wakati mwingine, nami sitakudanganya kwamba haitishi. Isikilize mpaka mwisho wake.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, akuwekee karibu watu wa kukusikiliza, na kila asubuhi jua likuchomozee salama, wewe na watoto wa watoto wako.