Tetekuwanga ya Kumponya Baba

Juzi nilikuwa nachambua mchele, redio ikasema wataalamu wanatumia virusi kupunguza kasi ya saratani ya ini. Wanavitia mwilini kwa makusudi, vikashambulie seli mbovu, nzima viziache. Nilicheka mpaka mchele ukanimwagika. Bibi yangu mzaa baba alishalijaribu jambo hilo miaka ya hamsini, nyumbani kwetu Usagara, mjini Tanga, Mwingereza bado anatawala, na dawa aliyoitumia ilitoka kwa mwanangu wa kwanza.

Nieleze taratibu, maana mimi nikianza kusema huwa naruka.

Baba alikuwa mchuuzi wa machungwa. Akiyanunua Muheza, akija kuyauza Tanga sokoni. Mtu wa miraba minne, akimwita mteja, wa ng'ambo ya barabara naye anageuka. Mwaka ule mume wangu alipata kazi Horohoro, nami nikarudi kwetu na mtoto mgongoni. Nikamkuta baba kafunga kikoi juu kabisa, karibu na kifua. Nikamtania, "Baba, siku hizi unajifunga kama mwari?" Hakucheka. Chini ya mbavu za kulia palikuwa pamevimba, pakiguswa anakunja uso. Homa haimwachi, na mashavu yalikuwa yameingia ndani.

Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Tanga hapahapa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha jirani zangu wengi. Alimbonyeza baba. Kisha akaniita kando, akasema anaogopa ni saratani ya ini, kwa kuwa wanaume wengi wa pwani ilikuwa ikiwachukua hivyohivyo, na dawa hakuna. Nikamwuliza, hata huko Ulaya hakuna? Akasema, nadhani kwa huruma tu, kwamba amesoma kuna madaktari huko wanaowaambukiza wagonjwa wa saratani virusi vya ugonjwa mwingine, kwani virusi vingine huingia ndani ya uvimbe vikauvunja.

"Uvimbe husinyaa kidogo, kisha hurudi," akasema. "Na wengine huuawa na huo ugonjwa waliopewa. Si dawa bado, dada yangu. Wanajaribu."

Nilimweleza bibi yote, neno kwa neno. Bibi akasikia la kusinyaa tu. La kurudi na la kuuawa yalimpita.

"Kumbe Wazungu nao wanajua," akasema. "Dawa ya moto ni moto."

Kwake halikuwa jambo geni. Utotoni mwake aliona watu wakichanjwa ndui kwa usaha wa mgonjwa, ili ije nyepesi. Na sisi sote tulilelewa hivyo: mtoto mmoja akipata surua, wenzake wanalazwa naye mkeka mmoja, waugue pamoja yaishe. Basi wiki ileile mwanangu akatoka tetekuwanga, mwili mzima malengelenge. Mimi nasikitika, bibi anashukuru Mungu.

Akaamuru baba alale na mtoto, ale naye sahani moja, ajifunike kanga yake. "Huyu hajapata kuugua tetekuwanga," akasema, "wanangu wote nawajua. Itamwingia vizuri."

Nikapandwa na hasira. "Bibi, mtu kikombe hawezi kukiinua, wewe unamwongezea maradhi?"

"Wewe una dawa gani?"

Sikuwa nayo.

"Basi niachie mwanangu."

Nikamgeukia baba, nikijua atakataa, maana hakuwa mtu wa kupelekwapelekwa. Baba akasema tu, "Haya, mama," akajikokota hadi mkekani, akamlaza mtoto kifuani upande usiouma. Mtoto akitaka kujikuna, anamshika vidole. Mimi nikatoka uani nikaosha masufuria yaliyokwisha oshwa.

Ikawa kila asubuhi bibi anamfunua baba shati kutafuta vipele. Wapi! Ngozi safi. Homa ndiyo iliyozidi, na maumivu yakampanda mpaka begani. Nikamrudisha hospitali, bibi naye akajitanda buibui akafuata, eti amweleze daktari tiba imefikia wapi. Na kweli alimweleza. Daktari akamwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa.

"Bibi, ungemwua," akasema taratibu.

Lakini lile la bega lilimshtua. Akambonyeza baba upya, akamwuliza kama aliwahi kuharisha damu. Baba akasema aliharisha kule Muheza, zamani kidogo, hakuona kama ni la kutangaza. Nilimtazama nikatamani kumpiga. Daktari akaagiza sindano ndefu, akaichoma kati ya mbavu, akavuta.

Kikatoka kitu kizito, rangi ya halua. Bibi akaanza kutoa shahada. Mimi nilikuwa namkazia macho daktari, na nikaona uso wake unafunguka.

"Jipu," akasema. "Ni jipu la ini, limeletwa na kule kuhara. Si saratani. Hili lina dawa."

Nilikaa sakafuni palepale, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananiona. Nimeozesha watoto, nimeona uhuru ukija, lakini raha kama ile ya kutazama usaha ukiingia kwenye bakuli la hospitali sijaipata tena. Baba akachomwa sindano zake, akapona, akarudi kwenye machungwa, na kikoi kikateremka mahali pake.

Bibi hakukubali asilani. Mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba tetekuwanga ndiyo iliyoigeuza saratani ikawa jipu. Mkimwambia kwamba baba hakutoka hata kipele kimoja, anajibu, "Vitatokaje nje, navyo vilikuwa kazini ndani?" Daktari mwenyewe alishindwa naye.

Tulipokwisha kumzika bibi, siku moja nilimkuta baba barazani anamenya chungwa. Nikamwuliza lililonikaa rohoni muda wote: mtu mgumu kama yeye, alikubalije upuuzi ule?

"Tetekuwanga niliugua Pemba," akasema.

Udogoni alilelewa huko na shangazi yake. Shangazi hakumwambia bibi, akiogopa mtoto atachukuliwa.

"Nilijua hainipati. Haimrudii mtu ile."

"Sasa ulilala pale kwa nini?"

Akamaliza kumenya kwanza.

"Nilijua nakufa. Na mama hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Ningemwambia haifai, angebaki na nini?"

Akaligawa lile chungwa, akanipa nusu.